Mwenda Pole

Woga ni vazi lisilopimwa kwa kimo cha mvaaji. Humkaa panya likamfaa, na humkaa ndovu likamfaa vile vile. Walakini wanadamu wamezoea kuamini kuwa kiumbe mwenye mwili mkubwa ana moyo mkubwa, na kwamba meno marefu ni dalili ya ushujaa. Kwa imani hiyo, mtu akimwona mbwa mkubwa amejikunyata pembeni hucheka, au hukasirika kana kwamba amepunjwa na mchuuzi sokoni. Hakumbuki kuwa yeye mwenyewe, juu ya umri wake na cheo chake, ana jambo moja au mawili ambayo akiyasikia usiku moyo wake humwenda mbio.

Katika vitongoji vya Nairobi malango mengi hubeba kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Kibao hicho kina kosa la sarufi, maana mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na sifa yake haina budi kuchukua kiambishi cha viumbe wenye uhai. Wapita njia hawajali kosa hilo. Husoma, huelewa, na huvuka upande wa pili wa barabara. Lakini mwalimu mmoja mstaafu wa mji wa Ngong hakuweza kulivumilia. Alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule za msingi tangu mwaka 1974 hadi mwaka 2005, na upatanisho wa sarufi kwake ulikuwa kama usafi wa mwili. Katika mwaka 2018, wezi walipoivunja nyumba ya jirani yake, watoto wake walimshauri afuge mbwa, kwa kuwa alikuwa mjane aliyeishi peke yake. Mwalimu aliukubali ushauri huo, akaanza kazi kwa kibao. Alinunua ubao na rangi nyeusi, akaandika kwa mkono wake "Mbwa Mkali", akautundika langoni siku tisa kabla ya kumpata mbwa mwenyewe.

Mbwa alikwenda kumtafuta katika nyumba moja ya kuhifadhi wanyama waliotupwa. Desturi ya kuwaweka mbwa wasio na kwao katika nyumba maalumu si ya kale sana. Katika mwaka 1860 bibi mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua nyumba ya mbwa waliopotea katika mtaa wa Holloway. Watu walimcheka. Waliuliza kwa nini mbwa wapewe malazi katika mji ambao watoto wa maskini walilala nje. Swali hilo halikuwa la kipumbavu, na mpaka leo halijazeeka. Lakini nyumba ile haikufa, na mwaka 1871 ilihamia Battersea, ambako ingaliko. Nchini Kenya chama cha kuwatetea wanyama kilianza mwaka 1910. Miaka miwili baadaye, mwaka 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, katika mbwa aliyepatikana kando ya Nairobi. Tokea hapo huruma juu ya mbwa na hofu ya mbwa zimekwenda bega kwa bega, na mtu mwenye busara haiachi moja kwa kuishika nyingine.

Mtu hudhani kuwa nyumba kama hizo hujaa mbwa koko wa mitaani tu. Sivyo. Humo hupatikana pia mbwa wa mbegu kubwa, ambao bei yao hapo kwanza ilikuwa ya kumshangaza mkulima. Mmoja wao ni Boerboel, mbwa wa Afrika Kusini ambaye jina lake lina maana ya mbwa wa mkulima; wafugaji wake waliunda chama chao mwaka 1983, na dume lililokomaa huweza kupita kilo 60. Mnunuzi humwona angali mdogo, laini kama mto wa kulalia, akasahau kuwa kitu hicho kitakula, kitakua, na kitataka nafasi. Miezi sita ikipita, chakula hushinda mshahara, au ua huwa mdogo, au mbwa hakutokea kuwa mkali kama alivyotarajiwa. Hapo hutolewa nje ya lango. Wengine huzaliwa katika vibanda vya giza, wasione mtu isipokuwa mkono utupao chakula na mguu upigao teke, na hao hufika katika nyumba ya hifadhi wakiwa na miili ya simba na nyoyo za sungura.

Mwalimu alipita mbele ya vyumba vingi siku ile. Mbwa wengine walisimama kwa miguu ya nyuma, wakabweka, wakatikisa mikia. Katika chumba cha mwisho alimwona mtoto wa mbwa wa rangi ya hudhurungi mwenye mdomo mweusi, ameuelekeza uso wake ukutani. Nyayo zake zilikuwa kubwa kupita miguu yake, kama mtoto aliyevaa viatu vya babaye. Umri wake ulikadiriwa kuwa miezi minne, na uzito wake ulikuwa kilo 17. Mama yake alikuwa Boerboel. Baba yake hakujulikana. Alipatikana pamoja na ndugu zake wawili katika kibanda cha mabati, baada ya mwenye kibanda kuhama na kuwaacha. Ndugu zake walikwisha kuchukuliwa, kwa sababu wao walikuja mlangoni walipoitwa.

"Huyu tunamwita Pole," alisema msichana aliyewatunza. "Hana haraka ya kitu chochote, Mwalimu, hata ya kula."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Anaogopa tu."

Mwalimu alitabasamu. Alikuwa amewafundisha watoto kwa mamia, na woga aliujua kuwa ni ugonjwa wa utotoni ambao huponywa na nidhamu. Alikumbuka methali isemayo samaki mkunje angali mbichi, akaona huyu bado ni mbichi. Alitia sahihi hati aliyopewa: kwamba ua wake utakaguliwa, kwamba mbwa atahasiwa na kuchanjwa, kwamba hatafungwa kwa mnyororo mchana kutwa, na kwamba ikiwa atamshinda atamrudisha papo hapo alipomtoa, wala hatamtupa wala kumuuza. Alilipa ada, akambeba mzigo wake uliotetemeka mpaka garini. Njiani alikusudia kulibadili jina. Mbwa wa kulinda nyumba, alifikiri, ataitwa Simba.

Simba hakukubali kuwa Simba. Alipofunguliwa uani alijiingiza nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hata kuku asingependa kulala, akakaa humo usiku na mchana. Mwalimu aliweka ugali uliochanganywa na matumbo; chakula kililala mpaka kikaliwa na siafu. Aliita kwa sauti ya upole, akaita kwa sauti ya ukali. Siku ya pili alimfunga kamba, akamvuta nje ili ajionee mwenyewe kuwa hapakuwa na hatari. Mbwa alikita nyayo zake kubwa, akaburutwa kama gunia, na kamba ilipolegea alirejea mafichoni. Siku ya tatu subira ya Mwalimu iliisha. Alichukua mpini wa fagio, si kwa nia ya kupiga, bali kwa nia ya kumsukuma atoke.

Mbwa alipouona mpini hakukimbia, wala hakuonyesha meno. Alijilaza chini akawa bapa kama ngozi iliyoanikwa, akafumba macho, na mkojo ukamtoka, ukatiririka polepole juu ya saruji mpaka kwenye kiatu cha Mwalimu.

Mwalimu alisimama na mpini mkononi. Hali ile alikuwa amekwisha kuiona. Aliiona miaka mingi nyuma, mbele ya ubao, katika darasa la sita: mtoto wa kiume amenyoosha kiganja, amefumba macho, na suruali yake fupi imelowa, huku watoto wengine wakiogopa hata kucheka. Mtoto yule alikuwa amekosea upatanisho wa sarufi mara mbili kwa siku moja. Alikuwa mwanawe wa kuzaa, naye alipigwa zaidi ya wenziwe ili mtu yeyote asije akasema kuwa mwalimu anapendelea. Kwa muda wa miaka mingi Mwalimu alilihesabu jambo lile kuwa ushahidi wa uadilifu wake. Mchelea mwana kulia, alizoea kusema, hulia yeye. Mwaka 2001, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku viboko shuleni, alitii kwa mkono, lakini hakutii kwa moyo.

Aliurudisha mpini mahali pake. Siku hiyo hakumwita mbwa tena.

Daktari wa wanyama, mwanamke wa umri wa kati, alikuja kutoa chanjo akamkuta mgonjwa wake nyuma ya tangi. Hakujaribu kumtoa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza Mwalimu jambo ambalo wataalamu walilijua tangu siku nyingi. Huko Marekani, katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza mbwa kwa muda wa miaka mingi, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Waligundua kuwa mtoto wa mbwa ana majira maalumu ya kuuzoea ulimwengu, yaanzayo juma la tatu hivi na kuelekea mwisho katika juma la 12. Mtu, sauti, gari, mtoto, mwavuli: anayoyakuta kwa wema katika majira hayo huwa ndugu zake, asiyoyakuta huwa wageni, na mgeni ni adui mpaka athibitike vingine. Mwaka 1961 wenzao walieleza jaribio la watoto wa mbwa waliolelewa katika uwanja wenye ua mrefu, mbali na watu. Waliotolewa uwanjani katika juma la tano au la saba waliwazoea watu upesi. Walioachwa mpaka juma la 14 walibaki kuwakimbia.

"Huyu ana majuma 16," alisema Mwalimu. "Basi mlango umefungwa?"

"Haukufungwa, Mzee. Umekuwa mwembamba. Aliyekosa kupita mlangoni atapita dirishani. Atapita, lakini si kwa kusukumwa. Na kitu kimoja zaidi: mbwa huyu atakuwa mkubwa. Mbwa mdogo mwoga ni huzuni ya mwenyewe. Mbwa mkubwa mwoga ni hatari ya mtaa mzima."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ndiyo kiini cha jambo. Watu hudhani kuwa mbwa aumaye ni mbwa jasiri, kumbe mbwa wengi huuma kwa hofu. Kiumbe mwenye hofu ana njia chache: kukimbia, kuganda, au kupigana. Akizibiwa ya kwanza, na ya pili isipomwokoa, hubaki ya tatu. Mwalimu alikuwa na muda wa miezi michache kabla mwili wa mbwa haujaishinda mikono yake. Baada ya hapo, kama woga ungalipo, mbwa angeweza kumdhuru mtu; na mbwa mkubwa aliyemdhuru mtu hapati nyumba nyingine kwa urahisi. Aghalabu hupata sindano ya mwisho.

Mwalimu alianza kazi upya, na safari hii mwanafunzi alikuwa yeye. Kila jioni, jua likielekea milima ya Ngong, alichukua mkeka akautandika hatua sita mbali na tangi. Alikaa akilipa tangi mgongo, akasoma gazeti. Kila baada ya kurasa mbili alitupa nyuma yake kipande cha nyama kidogo kama punje ya hindi, pasipo kugeuka. Hakuita. Hakutazama. Mara ya kwanza nyama zote zilibaki. Siku ya nne alipogeuka kwenda zake alikuta vipande viwili havipo, akatembea mpaka jikoni kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu kustaafu.

Alijifunza sarufi isiyo na maneno. Kumkazia mbwa macho ni kumtukana. Kumwinamia na kumpitishia mkono juu ya kichwa, ambako watu hukuita kubembeleza, ni kumtishia. Mbwa anayepiga miayo asiwe na usingizi, anayeramba midomo pasipo chakula, anayegeuza uso pembeni, hakudharau wala hakuchoka, anasema kwa adabu, "Tafadhali, usinikaribie zaidi." Asiposikiwa hunguruma. Na mwenye kumwadhibu mbwa kwa sababu ya kunguruma hamwondolei hofu. Humwondolea sauti tu, akabaki na mbwa aumaye bila kuonya. Mwalimu alipoambiwa hayo alinyamaza kitambo. Alikuwa amesifiwa na wakaguzi wa shule mara nyingi kwa ukimya wa darasa lake.

Jina la Simba lilikufa lenyewe. Kila alipolitamka, masikio yalilala. Lakini siku moja alijisahau akasema "Pole," na sikio moja likainuka nyuma ya tangi. Msichana wa nyumba ya hifadhi alikuwa amelipanda neno hilo pamoja na uji na maziwa, likaota. Basi mbwa akabaki Pole, na Mwalimu, ambaye katika maisha yake hakulitumia neno hilo sana, akawa analitamka mara 20 kwa siku.

Siku ya 11 Pole alitoka nyuma ya tangi Mwalimu angali pale. Siku ya 19 alichukua nyama katika kiganja kilichowekwa chini, akiwa amenyoosha shingo na miguu ya nyuma imekaa tayari kukimbia. Siku ya 34 aliegemeza ubavu wake, kwa nukta chache tu, kwenye mgongo wa mtu asiyemtazama. Mwalimu hakusogea. Mguu wake ulikufa ganzi, naye akauacha ufe.

Mwili nao ulihitaji subira yake. Mwalimu alitaka kumpa unga wa mifupa na maziwa mengi ili apate mifupa ya nguvu, kama walivyofanya wazee wake. Daktari alimkataza. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, waliwachunguza watoto wa mbwa wa mbegu kubwa sana, wakaona kuwa chokaa ikizidi katika chakula chao mifupa huharibika badala ya kuimarika, kwa kuwa utumbo wa mtoto hauwezi kuikataa ziada. Tena mbwa mkubwa hukawia kukomaa. Viungo vyake huweza kubaki laini mpaka afike mwaka mmoja na nusu. Hafai kukimbizwa juu ya lami, wala kuruka kutoka garini, wala kunenepeshwa ili majirani wamsifu. Anayeharakisha mwili wake huununulia kilema cha nyonga. Kwa hiyo Pole alilelewa polepole mara mbili, kwa mifupa na kwa moyo.

Isidhaniwe kuwa njia ilikuwa ya kupanda tu. Radi moja juu ya bati ilitosha kumrudisha mbwa nyuma ya tangi kwa siku mbili. Mlinzi wa jirani aliyepita na rungu aliharibu kazi ya juma zima. Kisha, katika mwezi wa Septemba, likatokea jambo lililokuwa likiogopwa. Pole alikuwa na miezi minane na kilo 41. Kijana aletaye gesi alipita lango lililokuwa wazi, akaingia moja kwa moja katika ujia mwembamba wa jikoni na mtungi begani. Pole alikuwa ujiani. Nyuma yake palikuwa na ukuta, mbele yake palikuwa na mtu asiye na kichwa, mwenye chuma kikubwa badala ya uso. Alinguruma, kijana hakusikia. Meno yalishika suruali, yakaipasua toka goti mpaka kisigino. Ngozi haikuguswa.

Mwalimu alimwomba kijana radhi, akalipa suruali, akamwonyesha cheti cha chanjo. Binti yake alimpigia simu jioni ile. "Baba, mrudishe. Ulitaka mlinzi; umepata mzigo." Maneno hayo yalikuwa na haki, na mtu asimlaumu binti kwa kumwonea baba yake uchungu. Mwalimu alikesha akiyapima. Hati aliyotia sahihi ilimruhusu kumrudisha. Lakini alijua kuwa atakayerudishwa si yule mtoto wa kilo 17 aliyetizama ukuta. Atakuwa mbwa wa kilo 41 mwenye habari ya kuuma, na nani atamchukua? Hali kadhalika alijua kuwa kosa la ujia si la mbwa. Lango aliliacha wazi yeye.

Asubuhi alimwita fundi. Palijengwa kilango kifupi mbele ya ujia, ili Pole awe na mahali pa kukimbilia na mgeni awe na mahali pa kuishia. Langoni pakafungwa kengele. Pole alifundishwa kuvaa kifungo cha mdomo: kwanza kwa kula nyama ndani yake, kisha kwa kukivaa nukta kumi, kisha dakika kumi, mpaka akakipenda kama mtoto apendavyo kofia ya sikukuu. Mwalimu hakuona aibu kumfunga mdomo mbwa aliyempenda. Upendo usiojali usalama wa jirani ni uchoyo uliovaa nguo nzuri.

Mwezi wa Desemba mwanawe alikuja kutoka Mombasa kwa gari la moshi. Alikuwa mtu wa miaka 38, mwenye kazi yake bandarini, mwenye heshima kwa baba yake na maneno machache. Pesa za matumizi alizituma kila mwezi, na mwenyewe huja mara moja kwa mwaka au asije. Alibonyeza kengele, akasikia sauti ikimwambia aingie taratibu. Alimkuta baba yake ameketi chini barazani, ameipa mgongo pembe ya baraza, na katika pembe ile mbwa wa kilo 50 akijaribu kujificha nyuma ya kiti cha mianzi ambacho hakikuweza kuficha hata kichwa chake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa chini. Usimtazame."

Mwana alikaa. Walikuwa bega kwa bega, wote wawili wakitazama uani, na huenda jambo hilo lilirahisisha mazungumzo, maana macho ya baba huwa mazito kuyakabili hata mtu akifika miaka 38. Walizungumza habari za safari, na za mvua, na za bei ya gesi. Kila mara Mwalimu alitupa nyuma yake kipande cha nyama.

"Umekaa hivi tangu lini, Baba?"

"Tangu Mei."

Mwana alinyamaza. Alimsikia mbwa nyuma yake akipumua. Kisha akasema, si kwa hasira, bali kama mtu asomaye tarehe katika hati, "Sisi hukutungoja hivi."

"La," alisema Mwalimu. "Sikuwangoja." Na baada ya kimya kirefu, akiwa bado anatazama uani, akasema, "Pole, mwanangu."

Nyuma yao kiti cha mianzi kilisukumwa. Mbwa alikuwa amelisikia jina lake. Alikuja kwa mwendo wa kunyemelea, akamzunguka mgeni kwa mbali, akajilaza na kidevu chake kizito kikaangukia kiatu cha Mwalimu. Mwana alicheka. Kisha alijifuta uso kwa upande wa mkono, akaomba apewe vipande vichache vya nyama, akaonyeshwa namna ya kutupa pasipo kugeuka.

Baba na mwana hawakusema zaidi juu ya jambo hilo siku ile, na hapana haja ya kudai kuwa neno moja lilifuta yaliyoandikwa kwa miaka. Pole mwenyewe hakugeuka kuwa jasiri. Mbwa aliyeyakosa majira yake ya kwanza aweza kupata nyumba, ratiba, na watu watatu au wanne awaaminio. Hapati ulimwengu mzima. Mwenye kumchukua mbwa wa namna hiyo na ajiulize kwanza kama atatosheka na kidogo hicho, na kama ana ua, na fedha ya chakula cha kiumbe alaye kuliko mtoto, na miaka minane au kumi ya kumpa. Asipokuwa navyo, huruma yake na aitumie kwa njia nyingine, kwa maana mbwa aliyerudishwa mara mbili amefundishwa mara mbili kwamba hofu yake ilikuwa na haki. Akiwa navyo, na ajue kuwa atakachopewa hakipatikani kwa amri. Nguvu yaweza kulazimisha utii, na ukimya, na hata mkia kutikisika; imani haiwezi kuilazimisha, kwa kuwa imani ni zawadi ambayo mnyonge humpa mwenye nguvu, akitaka, siku atakayotaka. Mwenye nguvu hana budi kuketi chini angoje. Mwenda pole hajikwai.

Kibao cha langoni kiliondolewa kabla ya mwaka kwisha. Mwalimu aliwaambia majirani kuwa sentensi yaweza kuwa sahihi kwa sarufi na ikawa ya uongo kwa maana, naye hakupenda jambo la namna hiyo liandikwe kwa mwandiko wake. Wezi hawakuja, labda kilo za Pole zilitosha kuwatisha wasiojua moyo wake. Msimu wa mvua uliofuata, kila radi ilipopiga juu ya bati, mzee alishuka kitandani akaketi sakafuni karibu na mbwa, akimpa mgongo. Na mara nyingi, usiku wa namna hiyo, simu ililia kutoka Mombasa. Mtu aliyesikia katika habari kuwa mvua ni kubwa huko Ngong alitaka kujua hali ya Pole, na kisha, kwa kuwa simu ilikwisha kupigwa, hali ya Mwalimu pia.